Ukifika Cairo: Ushuke na Mississippi, au Upande Ohio Ukafuate Tenn-Tom?

Kwenye ncha ya kusini kabisa ya jimbo la Illinois kuna mji mdogo uitwao Cairo, ambao wenyeji wake hulitamka jina hilo "Kero". Hapo mito miwili mikubwa inakutana. Mississippi inatoka kaskazini na maji ya rangi ya udongo, Ohio inakuja kutoka mashariki na maji maangavu kidogo, na kwa masafa mito hiyo huenda ubavu kwa ubavu kabla ya kuchanganyika. Wengi hudhani Ohio ni kijito kinachoingia kwenye mto mkuu, lakini kwa wingi wa maji ni Ohio inayoleta mengi zaidi.

Kwa nahodha wa boti ndogo anayeshuka kutoka Chicago au St. Louis akielekea Ghuba ya Meksiko, hapo ndipo penye njia panda. Akiuacha mkondo umchukue, anashuka Mississippi ya chini hadi New Orleans. Akigeuza omo (mbele ya boti) kushoto, anaupanda Ohio, anaingia mto Tennessee, halafu anavuka mfereji wa Tennessee-Tombigbee, unaofupishwa Tenn-Tom, mpaka Mobile, Alabama. Wengi wanaofanya Mzunguko Mkuu, ile safari ya boti ya karibu kilomita 9,700 kuizunguka mashariki ya Marekani, hugeuka kushoto. Lakini kuwafuata wengi si sababu ya kutosha. Boti zinatofautiana, na matangi ya mafuta yanatofautiana zaidi.

Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

La kwanza ni mafuta, yaani masafa marefu kuliko yote utakayokwenda bila kupata pampu. La pili ni mkondo na hatari zake, pamoja na matishari, yaani vyombo bapa vya mizigo vinavyosukumwa na matagi. La tatu ni malango ya maji, yaani chemba zenye milango zinazoipandisha au kuishusha boti pale kimo cha maji kinapobadilika, na muda wa kuyasubiri. Halafu pa kulala usiku, kina cha maji na majira ya mwaka, na mwisho historia utakayoiona ukiwa majini. Kila njia tutaipima kwa hayo hayo.

| | Mississippi ya chini | Ohio, Tennessee na Tenn-Tom |
|---|---|---|
| Umbali kutoka Cairo | km 1,382 hadi New Orleans, kisha km 210 hivi hadi ghuba ya Mobile | km 1,146 hadi Mobile |
| Malango ya maji | Hakuna hadi New Orleans. 1 ukitoka mtoni kwenda mashariki | 15 |
| Mkondo | Unakusukuma, km 5 hadi 8 kwa saa, zaidi maji yakijaa | Unakupinga kwa km 110 za mwanzo, kisha maziwa, kisha mteremko mpole |
| Urefu wa milingoti | Madaraja ni ya juu, yamejengwa kwa ajili ya meli na matagi makubwa | Mita 15.8 chini ya madaraja yasiyofunguka |

Ramani za mito ya Marekani hupima kwa maili, na namba zake huwachanganya wageni. Mississippi ya chini huanza 954 pale Cairo na kushuka hadi 0 karibu na bahari, na New Orleans iko 95. Ohio huhesabiwa kutoka Pittsburgh, kwa hiyo mdomo wake ni 981 na ukiupanda namba zinapungua. Ukiingia Tennessee kwenye mji wa Paducah unaanza tena 0, unapanda hadi 215, halafu Tenn-Tom inaanzia 450 na kuteremka hadi 0 kwenye bandari ya Mobile. Andika karatasi ya hesabu hizo na uibandike karibu na usukani. Ukiripoti maili isiyo sahihi kwenye redio, tagi iliyo mbele ya kona itakutafuta usipokuwepo.

Rangi za maboya nazo hugeuka. Ukishuka mto, maboya mekundu huwa kushoto kwako. Ukiupanda, huwa kulia. Anayeshuka Mississippi anabaki na mekundu kushoto safari nzima. Anayefuata Tenn-Tom ana mekundu kulia kwenye Ohio na Tennessee, na mara tu akiingia mferejini kwa kuteremka, yanahamia kushoto. Wengi hukwama kwenye tope hapo hapo, kwenye saa ya kwanza ya kubadilisha mto, kwa sababu kichwa bado kiko kwenye mto uliopita.

Mafuta

Hiki ndicho kigezo kinachowaamulia watu wengi, hata wasipotaka.

Sehemu za kawaida za kujaza mafuta upande wa juu ziko Alton, Illinois, kaskazini kidogo ya St. Louis. Kutoka hapo hadi Cairo ni kilomita 327. Anayeendelea na Mississippi hukuta pampu ya kawaida inayofuata Memphis, kilomita 349 nyingine, jumla 676. Baada ya Memphis, panga safari yako kana kwamba hakuna mafuta kando ya maji hadi New Orleans, kilomita 1,033. Miji ipo, Greenville, Vicksburg, Natchez, lakini pampu za huko hufunguliwa na kufungwa, na gati hupotea chini ya tope mto ukishuka. Utakayoipata ihesabu kuwa ziada. Wako wanaoagiza lori la mafuta lije ukingoni, jambo linalohitaji simu ya siku kadhaa kabla na kiasi cha chini cha kununua.

Upande wa pili, kutoka Alton hadi gati la mji wa Paducah ni kilomita 402, kilomita 76 za mwisho ukiwa unapinga mkondo wa Ohio. Gati hilo huuza dizeli na petroli, lakini hufungwa maji yakipanda sana au tope likijaa, kwa hiyo piga simu kabla ya kuondoka Alton, usingoje hadi ufike. Kuanzia ziwa Kentucky na kuendelea, vituo vipo kwa umbali wa siku moja au mbili, mpaka Demopolis, Alabama. Jaza Demopolis hata kama tangi liko nusu, kwani kutoka hapo hadi Mobile ni kilomita 348.

Fanya hesabu kwa mifano miwili. Boti nzito ya dizeli inayokwenda kilomita 12 kwa saa kwenye maji yaliyotulia na kula lita 8 kwa saa, ikipata mkondo wa kilomita 6, itakwenda 18 kwa saa. Memphis hadi New Orleans itachukua saa 57 na lita 460 hivi. Ongeza theluthi moja ya akiba, unahitaji zaidi ya lita 600. Linawezekana. Boti ya petroli ya mwendo kasi inayokula lita 60 kwa saa kwa kilomita 40 itamaliza safari hiyo hiyo kwa saa 22 na nusu, na lita 1,350 kabla ya akiba. Boti nyingi za aina hiyo hazina tangi la hivyo. Ukitaka kubeba madumu, kumbuka dumu la lita 20 la petroli ni kilo 15 na ni hatari ya moto ndani ya chumba kisicho na hewa. Boti hiyo hiyo kutoka Demopolis hadi Mobile inahitaji lita 520, na hapo ndipo Tenn-Tom inapowafaa watu wa petroli.

Mkondo, magogo na matishari

Tishari moja la mtoni lina urefu wa mita 59 na upana wa mita 10.7, na hubeba tani 1,500 hivi. Kwenye Ohio na Tennessee tagi moja husukuma matishari 15 yaliyofungwa pamoja, matatu kwa upana na matano kwa urefu, na pamoja na tagi yenyewe ni mita 350. Mississippi ya chini, kwa kuwa haina malango ya kuzuia, tagi husukuma 30, 40 na hata zaidi. Mzigo huo hausimami haraka. Kwenye kona, tagi inayoshuka hujiachia kwa ubavu na kufagia upana wote wa mkondo. Ukiwa ndani ya kona hiyo, huna pa kwenda.

Kwa hiyo redio ni chombo cha lazima kwenye njia zote mbili. Mito hii matagi husikiliza chaneli 13. Mwite nahodha kwa jina la tagi lililo kwenye AIS, kifaa kinachoonyesha vyombo vya karibu kwenye skrini, mwambie uko maili gani na unaelekea wapi, umuulize apendavyo. Atajibu "filimbi moja" au "filimbi mbili". Filimbi moja mkikutana ana kwa ana maana yake mpishane kushoto kwa kushoto. Mbili ni kulia kwa kulia. Kutoka Baton Rouge kwenda chini chaneli ya kupishana ni 67, na hapo kuna meli za baharini pia.

Mississippi ya chini ina mambo yake yasiyopatikana upande wa pili. Kandokando kumejengwa kuta za mawe zinazotoka ukingoni kuelekea katikati ili kusukuma maji yachimbe njia ya meli. Maji yakiwa ya wastani, kuta hizo hufichika sentimita chache chini ya uso. Dalili yake ni mstari wa viwimbi wenye umbo la herufi V au maji laini yanayovimba na kisha kuanguka. Ukikata kona kufupisha njia, utazigonga kuta hizo kwa propela. Zaidi ya hayo kuna maji yanayobubujika kutoka chini, yenye upana wa mita kadhaa, yanayoipinda boti ndogo kando ghafla. Hayazamishi boti iliyo sawa, ila humchosha mshika usukani asiyeyazoea, na jioni ya siku ya tatu uchovu ndio huleta ajali.

Kuna mahali pamoja pa kukaa macho zaidi kuliko pengine pote: Old River, karibu na maili 315. Tangu 1963 serikali imejenga hapo milango ya zege inayopeleka asilimia 30 ya maji ya Mississippi na Red River kwenye mto Atchafalaya, ili Mississippi isiihame New Orleans kabisa. Mafuriko ya 1973 karibu yauangushe mlango mmojawapo. Mvuto wa maji kuelekea milango hiyo ni mkubwa. Shuka karibu na ukingo wa kushoto na usizime injini hata kidogo. Hapo karibu kuna lango la maji la Old River linalokuingiza Atchafalaya, njia ambayo baadhi ya wenye boti ndogo huichukua ili kukwepa meli za Baton Rouge na New Orleans. Ni njia ya tatu, na inastahili ulinganisho wake peke yake.

Upande wa Tenn-Tom, taabu ya mkondo iko mwanzoni: kilomita 76 za Ohio na 35 za Tennessee hadi bwawa la Kentucky, ambapo boti ya kilomita 12 kwa saa inaweza kubaki na 8 au 9. Baadaye ni maziwa. Hatari yake inakuja chini ya Demopolis, ambako mto Tombigbee hupanda haraka mvua kubwa ikinyesha na kuleta miti mizima. Baya zaidi ni gogo lililolowa hadi likasimama wima, ncha yake ikichungulia tu. Usisafiri usiku huko, na weka mtu mmoja omo asubuhi yenye ukungu.

Malango ya maji

Mississippi kutoka Cairo hadi New Orleans haina hata moja. Ukitaka kutoka mtoni New Orleans kuelekea mashariki, utapita lango la zamani lililofunguliwa 1923, na foleni yake inajulikana: boti za starehe huwa za mwisho baada ya vyombo vya serikali, vya abiria na vya mizigo. Kusubiri saa nyingi ni jambo la kawaida.

Njia ya Tenn-Tom ina malango 15: Olmsted kwenye Ohio, Kentucky na Pickwick kwenye Tennessee, 10 ya mfereji wenyewe, halafu Demopolis na Coffeeville. Hakuna ada kwa boti binafsi. Olmsted, lililoanza kazi 2018, lilichukua nafasi ya malango mawili yaliyojengwa miaka ya 1920. Lile la Kentucky huwa na foleni ndefu ya matishari kwa sababu chemba yake inayotumika ina urefu wa mita 183 tu, na msafara wa matishari 15 lazima ukatwe vipande viwili. Wanaojua hupanda Ohio kilomita 18 zaidi, wakaingia mto Cumberland hadi lango la Barkley, kisha wakarudi ziwa Kentucky kupitia mfereji mfupi unaounganisha maziwa mawili. Inaongeza zaidi kidogo ya kilomita 30, na mara nyingi inaokoa nusu siku.

Lango refu kuliko yote ni la Jamie Whitten, linalokuteremsha mita 25.6 kwa mara moja. Hivi ndivyo inavyofanyika. Mwite mlinzi wa lango kwa redio ukiwa kilomita 2 hivi kabla, useme urefu wa boti na kuwa unashuka. Ning'iniza dafrao, yaani vikinga ubavu wa boti, pande zote mbili, vaa jaketi la kuokolea. Taa ya kijani ikiwaka ingia polepole, usogee kwenye ukuta penye nguzo inayoelea ndani ya mfuo wake. Pitisha kamba moja kutoka katikati ya boti, izungushe kwenye nguzo na uirudishe kwenye kibana cha boti. Moja inatosha, mbili kwenye nguzo mbili tofauti huzua taabu. Waambie wenzako wasiweke mkono kati ya boti na ukuta. Maji yakianza kutoka, nguzo itashuka nawe. Mmoja akae na kisu mkononi akiitazama nguzo, kwa maana mara chache nguzo hukwama kwenye mfuo kwa sababu ya kijiti au tope, na boti iliyofungwa kwa nguvu hubaki ikining'inia huku maji yakiikimbia. Hapo kamba hukatwa bila kujadiliana. Kuta zenye unyevu zinazidi kurefuka juu yako, sauti inakuwa kama ya kisimani, na baada ya dakika kumi na kitu milango inafunguka kwenye maji mengine kabisa.

Udhaifu wa malango yaliyopangana kama ngazi ni kwamba kidato kimoja kikivunjika hakuna anayepita. Januari 2024 zege la kizingiti cha lango la Demopolis lilibomoka, na njia ikafungwa hadi Mei. Boti zilizokuwa juu zilibaki juu. Kabla ya kugeuka kushoto Cairo, soma matangazo ya kufungwa kwa malango ya Jeshi la Wahandisi la Marekani kwa wilaya za Louisville, Nashville na Mobile. Ni dakika kumi za kusoma.

Pa kulala

Mississippi haina marina nyingi, hivyo nanga ndiyo nyumba yako. Mahali pazuri ni nyuma ya mafungu ya mchanga, ndani ya mikono ya zamani ya mto, na midomoni mwa mito midogo. Vicksburg ina maficho ya pekee. Tarehe 26 Aprili 1876 Mississippi ilikata rasi iliyokuwa mbele ya mji huo na kuuacha kando, jambo ambalo askari wa Jenerali Grant wa upande wa Kaskazini, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, walijaribu kulifanya kwa majembe mwaka 1863 wakashindwa. Mwaka 1903 mto Yazoo ulielekezwa kwenye njia ya zamani ili mji upate tena maji. Kwa hiyo ukifika karibu na maili 437, unageuka kushoto na kuingia kwenye mfereji uliotulia, ukiwa umeuacha mkondo nyuma yako.

Kosa la kawaida ni kutia nanga mahali penye mita 1.5 bila kutazama utabiri wa kipimo cha maji. Mto ukishuka sentimita 60 usiku, asubuhi uko juu ya mchanga, na unaweza kukaa hapo hadi mvua ya mbali inyeshe. Tia nanga penye angalau mita moja zaidi ya unachohitaji, na funga kamba ya pili kwenye taji la nanga ili uweze kuing'oa ikinasa kwenye mti uliozama.

Tenn-Tom ina marina kwenye maziwa na vijito vilivyotulia vya kutia nanga. Chini ya Demopolis hupungua, na hapo watu huingia kwenye mapindo ya zamani ya Tombigbee. Ingia taratibu ukipima kina. Midomo ya mapindo hayo hujaa mchanga kila mafuriko.

Maji na majira

Kipimo cha Memphis kikisema sifuri, mto haujakauka. Sifuri ni alama iliyowekwa zamani, na maji yanaweza kuwa chini yake. Oktoba 2022 kilifikia futi 10.81 chini ya sifuri, na Oktoba 2023 kikashuka tena zaidi. Matishari yalikwama na njia ikafungwa mara kwa mara. Upande wa juu, Februari 1937 kilifika futi 48.7. Tofauti hiyo ya karibu mita 18 ndiyo maisha ya mto huu. Usishuke ukiwa juu ya kiwango cha mafuriko: matuta ya mchanga yamezama, nanga hazina pa kushika na magogo yamejaa. Ukiwa chini sana, njia ya meli huwa nyembamba na huwezi kuiachia tagi nafasi.

Tenn-Tom kina chake kinadhibitiwa na mabwawa, mita 2.7 karibu mwaka wote. Kinachoibana ni upande wa chini, kwani msimu wa vimbunga huanza 1 Juni hadi 30 Novemba, na bima nyingi hazikubali boti ishuke chini ya latitudo fulani kabla ya 1 Novemba. Boti nyingi husubiri ziwa Kentucky au Pickwick, ambako majani ya vuli yanageuka rangi na kusubiri hakuumizi. Anayeshuka Mississippi hana mahali pazuri kama hapo pa kusubiri.

Ukivuka lango la Coffeeville unaingia kwenye maji yanayofuata bahari. Aliyezoea bamvua ya Mombasa au Dar es Salaam, maji kujaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa mita kadhaa, atashangaa: Mobile hujaa mara moja tu kwa siku, na tofauti ni sentimita 40 hivi. Upepo wa kaskazini huondoa maji mengi kuliko mwezi.

Historia iliyo ukingoni

Mississippi ya chini ina uzito usiofanana na mahali pengine. Mwisho wa 1811 stimaboti ya kwanza ya mito hii, New Orleans, ilikuwa njiani kutoka Pittsburgh wakati tetemeko la New Madrid lilipobomoa kingo na kuangusha miti majini. Ilifika mwisho wa safari Januari 1812. Kwenye ngome ya Fort Pillow, juu ya Memphis, askari weusi wa Muungano, yaani upande wa Kaskazini kwenye vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe, waliuawa kwa wingi walipokwisha kusalimu amri, 12 Aprili 1864. Karibu na Memphis, 27 Aprili 1865, meli Sultana ililipuka boila na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao askari waliokuwa wakirudishwa makwao kutoka vifungoni.

Kisha kuna tuta la Greenville. Tarehe 21 Aprili 1927 tuta la Mounds Landing, kaskazini ya mji, lilipasuka. Mafuriko ya mwaka huo yalifunika kilomita za mraba 70,000 hivi kwenye bonde zima. Maelfu ya Wamarekani weusi walikusanywa juu ya tuta, ukanda mwembamba wa udongo wenye maji pande mbili, wakafanyishwa kazi chini ya ulinzi wa bunduki na kuzuiwa kuondoka, kwa kuwa wenye mashamba waliogopa kuwapoteza. Kutoka kwenye boti unaliona tuta tu, kijani na refu, na nyuma yake paa za nyumba. Uko juu kuliko paa hizo pale maji yanapojaa, na hapo ndipo unapoelewa kwa macho jambo ambalo maelezo hayatoshi kulieleza. Sheria ya 1928 iliyofuata ndiyo iliyojenga karibu kila kitu unachokiona kando ya mto huu leo.

Tenn-Tom yenyewe ni mpya. Ujenzi ulianza 1972, ukamalizika Desemba 1984 kwa gharama ya karibu dola bilioni 2, na udongo uliochimbwa ulizidi ule wa mfereji wa Panama. Kampuni ya reli na wanamazingira waliupinga mahakamani, na mizigo haikufikia makadirio yaliyotumika kuutetea. Ndiyo maana leo boti ndogo hupata nafasi kubwa hapo. Lakini njia inayoufikia ni ya kale. Mto Tennessee hutiririka kuelekea kaskazini, hivyo mwaka 1862 manowari za Kaskazini ziliupanda kuingia moyoni mwa Kusini: Fort Henry ilianguka 6 Februari huku maji ya mto yakiwa yameingia ndani ya ngome, na 6 na 7 Aprili vita vya Shiloh viliacha zaidi ya 23,000 wakiwa wameuawa, kujeruhiwa au kupotea. Gati la Pittsburg, walikoshushia askari, linaonekana kutoka kwenye boti kabla ya kufika Pickwick. Fort Henry iko chini ya ziwa Kentucky, na boti hupita juu yake.

Na kaskazini kidogo ya Mobile, karibu na kisiwa cha Twelvemile, kuna Clotilda. Mwaka 1860, miaka 52 baada ya Marekani kupiga marufuku kuingiza watumwa, meli hiyo ilileta watu 110 kutoka Ouidah, pwani ya Benin ya leo, kisha ikachomwa kuficha ushahidi. Mabaki yake yalitambuliwa 2019. Walionusurika walianzisha kijiji chao, Africatown, na jumba lao la kumbukumbu lilifunguliwa 2023. Hatuwezi kupendekeza kupita hapo bila kusimama. Funga boti Mobile, uchukue gari.

Nani aende wapi

Una boti ya petroli, au tangi lisilozidi lita 700 kwenye boti inayokwenda kilomita chache tu kwa lita moja: pita Tenn-Tom. Hakuna hila ya kulizunguka hilo.

Una dizeli nzito, tangi la lita 600 au zaidi, nahodha wa pili wa kupokezana usukani, na kipimo cha Memphis hakiko pembezoni upande wowote: Mississippi inakufaa, na kwa siku 9 au 10 za kilomita 150 utakuwa New Orleans. Kwa Tenn-Tom hesabu wiki mbili na zaidi.

Mnasafiri wawili tu, au mna watoto: Tenn-Tom, kwa sababu ya maficho na vituo. Ila kama mmoja wenu hawezi kushika kamba kwenye lango, fanyeni mazoezi kwanza kwenye malango ya mto Illinois kabla ya kulifikia la Whitten.

Una kayaki au mtumbwi: Mississippi. Mafungu ya mchanga ni kambi za bure, mkondo unakubeba, na malango 15 kwa kafi ni siku nyingi za kusubiri. Kaa ukingo ulio ndani ya kona wakati tagi inapita, mbali na kuta za mawe.

Una mashua ya tanga ambayo mlingoti wake umeshushwa kwa ajili ya madaraja ya Chicago: njia zote zinawezekana. Ukitaka kuusimamisha tena mapema, ziwa Kentucky lina mafundi, lakini pima kwanza kama unapita chini ya mita 15.8 pamoja na antena.

Umefika Cairo mwezi wa Septemba: geuka kushoto, ukasubiri maziwani. Umefika mwishoni mwa Novemba na mto uko wastani: tazama mafuta yako, utazame matangazo ya malango, uamue asubuhi hiyo hiyo ukiwa bado umetia nanga, kwa kuwa ukishauachia mkondo wa Mississippi kilomita 20, kurudi juu kutakugharimu saa nyingi na mafuta mengi.